Nilivyoutoa Upepo Uliojificha Nyuma ya Vali za ABS

Kila fundi niliyemwendea kuhusu pedali ya breki inayolainika alikuwa na dawa ileile: nichomoe fyuzi ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasigande, yaani yasiache kuzunguka, ukifunga breki ghafla), au ninunue pampu nzima iliyotumika, kwa bei inayokaribia ada ya muhula ya mtoto. "Mwalimu, ABS ni mapambo tu," mmoja aliniambia bila haya.

Tatizo lilianza pale mpira wa breki ulipobadilishwa na kopo la mafuta ya breki likaachwa likauka, upepo ukaingia. Tulitoa upepo kwa njia ya kawaida, jirani akikanyaga na kuachia, mimi nikiwa uvunguni na spana, hadi mafuta yakatoka bila povu. Pedali ikawa ngumu. Lakini siku nikifunga breki ghafla kwenye matope na ABS ikafanya kazi, pedali inalainika upya, nasi tunarudi uvunguni.

Mtindo huo wa kujirudia ndio ulionifumbua macho. Katika gari langu kila tairi lina vali mbili za umeme: ya kuingizia, ambayo hukaa wazi, na ya kutolea, ambayo hukaa imefungwa. Sensa ikionyesha kwamba tairi linataka kuganda, kompyuta huifunga ya kwanza ili presha isipande. Tairi likizidi kuganda, huifungua ya pili, mafuta yakakimbilia kwenye chumba kidogo chenye springi, na pampu ikayarudisha upande wa silinda kuu. Hayo hutokea mara kadhaa kwa sekunde. Sasa, ukitoa upepo kwa kukanyaga tu, vali ya kutolea haifunguki kamwe, na upepo ulio nyuma yake unatulia kama mpangaji asiyelipa kodi.

Wenye mashine ya kupimia magari huziamuru vali zifunguke gari likiwa limesimama. Mimi, pedali ikiwa bado ngumu, nilikwenda kwenye uwanja wa changarawe usio na mtu wala mbuzi, nikafika kilomita 30 kwa saa, nikakanyaga kwa nguvu zote mpaka pedali ikadunda chini ya unyayo, nikarudia, kisha tukalegeza palepale nipo, zile skrubu za kutolea upepo. Mapovu yalitoka kwa fujo, jirani akapiga makofi! Tuliendelea hivyo hadi pedali ikabaki ngumu hata baada ya ABS kufanya kazi.

Andaa chupa kadhaa za mafuta ya breki (langu linatumia aina ya DOT 3), maana yaliyotoka hayarudishwi kwenye kopo, na yakidondokea bodi yaoshe kwa maji upesi, la sivyo rangi itababuka.