Skrubu nne na unga wa faiba

Mwezi wa Julai, tukirejea Wesha, Pemba, kutoka kisiwa cha Misali huku kusi likitupiga ubavuni, kikalio kimoja cha mabomba yanayobeba turubali la kivuli la boti yangu, yaani kitako kinacholishikilia bomba ukingoni, kiling'oka upande wa tezi (nyuma), nami nikamaliza safari nimelikumbatia bomba kama mtu anayemzuia mbuzi asitoroke. Skrubu zake nne zilitoka zikiwa na unga mweupe wa faiba kwenye meno, na unga ule ndio ulionifahamisha kosa langu.

Kwa miezi mingi nilikuwa nikizikaza kila zilipolegea, nikidhani ninatengeneza, kumbe ninaharibu. Ukingo wa boti ya faiba ni mwembamba, skrubu huushika kwa meno machache tu, na kila ukikaza tundu lililokwisha kulika, unazidi kulipanua. Isitoshe, upepo ukiongezeka kasi maradufu, nguvu yake juu ya turubali huwa mara nne, na bomba refu huipeleka nguvu hiyo chini kwenye kikalio mithili ya mtaimbo. Abiria nao hulishika bomba hilo hilo wanapopanda, hata ukiwakataza.

Fundi wangu aliyaziba matundu ya zamani, akatoboa mapya, akapitisha bolti za stenlesi za milimita 8 hadi upande wa pili. Alitaka kuweka kipande cha ubao chini ya nati. Mimi nikashikilia tuweke bamba la stenlesi, kwa kuwa ubao uliofichika mahali penye maji huoza bila ya mtu kujua. Bamba hilo husambaza mvuto juu ya eneo kubwa la faiba, badala ya kuuacha kwenye matundu manne. Midomo ya matundu ilipanuliwa kidogo ili ganda la juu lisipasuke, kisha ikajazwa gundi ya mpira ya baharini. Nati tulizotumia ni zile zenye pete ya plastiki ndani; washa za springi, ambazo wengi wanaziamini, mimi sizitegemei mbele ya mtikisiko wa mashine. Tahadhari moja: nati ya stenlesi ikikazwa kwa pupa hung'ang'ania bolti yake isiende mbele wala nyuma, basi ipakwe grisi kidogo na ikazwe polepole.

Hata hivyo, kazi iliyosaidia zaidi haikuhusu bolti. Mabomba yalikuwa yakiyumba kuelekea omo (mbele) na tezi kila tulipopanda wimbi, na kiungo kinachoyumba hulegea hata kikifungwa vipi. Tulifunga mikanda miwili mbele na miwili nyuma, ikivutana kwa mshazari, tukaikaza hadi fremu ikasimama imara, na turubali lenyewe tukalivuta lisipigepige. Upepo ukizidi, ninalikunja. Abiria watavumilia jua.

Baada ya hapo nilichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kila nati hadi kwenye bamba, ili nati ikizunguka hata kidogo niione kwa macho bila ya spana. Huikagua mistari hiyo kila Ijumaa asubuhi. Wiki iliyopita mmoja ulikuwa umeachana, tena wa kikalio kile kinachoshikwa na abiria wanapopanda. Nimekaza nati mpya, na pembeni yake nimefunga shikio la kamba la kupandia.