Konokono 43 juu ya jani moja

Miezi mitatu iliyopita nilitumbukiza mmea mpya katika tangi langu la samaki bila kuukagua, na sikuyaona mayai ya konokono yaliyoshikamana chini ya majani ndani ya ute mwangavu.

Jana usiku, ili kuwatega konokono waliozaliwa humo, nilichovya jani la kabichi katika maji ya moto hadi likalegea, nikalifunga kwenye kijiko ili lizame, kisha nikalala.

Leo alfajiri, katika baridi hii ya Mbeya isiyomhurumia mtu, niliwasha taa nikakuta jani halionekani kabisa, kwa kuwa lilikuwa limefunikwa na konokono, wengine wakubwa kama punje ya mahindi, wengine wadogo kama kichwa cha pini.

Nilihesabu 43.

Hata hivyo, kilichoniaibisha ni chembe za chakula cha samaki zilizozagaa kwenye changarawe, nyingi kiasi kwamba hata jeshi lile halikuweza kuzimaliza. Kumbe nimekuwa nikiwafuga mwenyewe!

Muuzaji mmoja alinishauri nitumie dawa yenye shaba. Nimekataa, kwa sababu shaba huwaua pia kamba wangu wadogo, na konokono wengi wakifa kwa pamoja huoza na kujaza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, majini. Nimepunguza chakula, na usiku wa leo nitatega jani jingine.

(Wale 43 wameliwa na bata wa jirani, ambao hawakuuliza swali lolote.)

Ndugu zangu mnaofuga samaki wa mapambo huko Iringa na Njombe, ninyi mnatumia mtego gani?