Kitabu Kikiwa Kimefungwa

Jumamosi usiku, mwanzoni mwa Oktoba

Umeme umekatika tangu saa moja na nusu. Nimewasha taa ya sola na kuiegemeza kwenye jagi la maji ili mwanga usambae mezani. Kesho naingia zamu ya asubuhi wodini, ilipasa niwe nimeshalala, lakini jambo la leo nataka niliandike likiwa bado bichi.

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha nne. Alihama hosteli akaja kwangu hapa Kihonda, Morogoro, mwezi wa saba, baada ya matokeo ya mtihani wa majaribio wa mkoa kumnyima baba yake usingizi. Novemba anaingia kwenye mtihani wenyewe. Mtu akiyaona matokeo yale anaweza kudhani mtoto ni mvivu. Si mvivu hata kidogo. Daftari lake la Baiolojia, kaunta buku nene, vichwa vya habari kaviandika kwa wino mwekundu, vipengele kwa bluu, na kila mchoro kaupigia rula. Nukuu za kidato cha tatu kazinakili upya zote, neno kwa neno. Usiku alikuwa anakaa mpaka saa saba.

Wiki ya kwanza tu niliamka kwenda kunywa maji, nikamkuta mezani, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue. Nilisimama pale mlangoni, nikashindwa kusema neno. Beseni lile nalijua. Mimi nilikuwa nalo.

Mwaka 2008 nilikuwa bwenini, na hakuna aliyenishinda kwa kukesha. Kengele ya kulala ikilia, mimi naingia chini ya shuka na tochi. Saa tisa usiku nimeamka tena, beseni limeshajaa. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tano, mara sita, mpaka maneno yakawa rafiki zangu, nikiyaona tu nayatambua. Nikajiona najua. Kwenye pepa ya Kemia niliona swali la mada niliyoisoma kuliko zote. Ukurasa nikauona wazi kichwani, hata doa la chai lililokuwa kwenye kona nikaliona. Maandishi yake hayakuja. Wenzetu walikuwa na msemo wa kuwachoma wanaosoma hivyo: msuli tembo, matokeo sisimizi. Matokeo yalipotoka, nikapata F ya Kemia na F ya Baiolojia, na ndoto yangu ya uuguzi ikasimama. Nilimlilia mama siku mbili.

Mwaka uliofuata nilirisiti. Hali nyumbani ilikuwa imebana, hivyo mchana kutwa nilikuwa kwenye genge la mama, nauza nyanya, mchicha na dagaa. Muda wa kukaa na daftari sikuwa nao, na taa ya usiku ilikuwa ya mafuta ya kuhesabu. Nilichokuwa nacho ni fungu la mitihani ya miaka ya nyuma niliyonakilishia steshenari kwa hela ya akiba. Nikawa nasoma swali moja, naigeuza karatasi chini na kuiwekea kopo la kupimia dagaa, halafu naanza kulijibu kichwani huku napanga mafungu. Mteja akija, namhudumia, akiondoka naendelea. Pale nilipokwama, naandika neno moja kwenye kipande cha boksi. Jioni nikifika nyumbani sifungui daftari zima, natafuta yale ya kwenye boksi tu.

Niliona aibu wakati ule, niliona nasoma kimaskini. Nikaenda kufanya mtihani nikiwa nimesoma saa chache mno kuliko nilizosoma bwenini. Nikapata C ya Kemia na B ya Baiolojia.

Miaka mingi sikuelewa kilichonitokea. Nilikuwa nasema ni Mungu, na bado nasema hivyo. Lakini baadaye, nikiwa chuo cha uuguzi, mkufunzi wetu mmoja alitueleza utafiti wa Roediger na Karpicke wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2006. Wanafunzi walipewa habari fupi ya kusoma. Kundi moja likairudia kuisoma, jingine likaifunga na kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojijaribu asilimia 56. Nilipolisikia hilo nililiona kopo la dagaa mbele yangu. Zile dakika tano ndizo zinazotudanganya. Ukirudia kusoma usiku, unalala umejaa, na kumbe tumbo litakuwa tupu siku ya mtihani.

Basi, tangu Agosti ninajitahidi kumtoa mtoto huyu kwenye beseni. Ni kazi ngumu, maana unamwambia mtu aache jambo linalomfanya ajione anajituma. Alipofunga daftari mara ya kwanza na kujaribu kuandika alichosoma, akatoa mistari minne tu, alitokwa na machozi. Akasema, "Shangazi, mimi sina kichwa." Nikamwambia, "Mwanangu, hayo uliyosahau ungeyasahau vilevile, ila ungekuja kuyajua Novemba." Sijui kama aliniamini.

Leo jioni ndiyo ninayotaka niikumbuke. Nilikuwa nakata vitunguu vya kachumbari. Nikamuuliza, osmosisi ni nini? Akafumba macho, akaimwaga maana yake yote kwa Kiingereza, bila kituo, kama ilivyo kwenye daftari. Nikamwambia, sasa nieleze kwa Kiswahili kama unamweleza bibi yako kijijini. Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, kwa Kiswahili hatujafundishwa."

Neno hilo limenikaa kooni mpaka sasa. Miaka saba ya msingi mtoto anasoma kwa Kiswahili, anaingia sekondari, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza kwa siku moja. Wengi wanavuka kwa kukariri, sauti bila maana. Halafu tunawauliza kwa nini wamesahau.

Nikampa kisu akate vilivyobaki. Nikavitia chumvi, nikamzuia asivifikiche. Tukakaa, tukazungumza mengine, ya sare na ya nywele. Baada ya muda nikainamisha bakuli. Maji yalikuwa yamekusanyika chini.

"Haya maji yametoka wapi? Mimi sijatia hata tone."

Akaangalia. "Kwenye vitunguu."

"Yamefuata nini?"

"Chumvi." Akakaa kimya kidogo, kidole kimoja kikigusa ukingo wa bakuli. "Ndani ya seli maji ni mengi, nje chumvi ni nyingi… kwa hiyo maji yamevuka utando yakaja nje."

"Na chumvi mbona haikukimbilia ndani kama maji yalivyokimbilia nje?"

Hapo nilimwona uso unabadilika. "Utando unachagua," akasema. Halafu akarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Utando unachagua, shangazi!" Kachumbari ameitengeneza tangu akiwa darasa la tatu, na neno lile osmosisi kaliandika mara mbili kwa wino mwekundu, lakini vitu hivyo viwili vilikuwa havijawahi kukutana.

Nikampa karatasi, daftari likiwa limefungwa, aandike kwa Kiingereza chake mwenyewe. Aliandika sentensi tatu. Moja ina kosa la sarufi, tukalirekebisha. Nikamuuliza kwa nini ng'onda hawaozi upesi. Akajibu kuwa chumvi inavuta maji kwenye samaki, na kwa bakteria pia, kwa hiyo hawawezi kuzaliana. Swali hilo halimo kwenye daftari lake.

Kuna jambo jingine natamani kila mzazi mwenye mtoto wa kidato cha nne alijue. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bila malipo. Humo swali linachambuliwa, wanaonyesha watahiniwa walivyolijibu, na wamebandika sampuli za majibu mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Mwezi uliopita nilipakua ya Baiolojia kwenye simu, tukasoma pamoja. Alipoona jibu la mtu aliyeandika ukurasa mzima kuhusu jambo ambalo halikuulizwa, akasema, "Huyu ni mimi." Tangu siku hiyo, kabla ya kujibu anapigia mstari kitenzi cha swali: eleza, taja, tofautisha. Watu wanalipia twisheni za gharama na kitu hicho hawajawahi kukifungua.

Beseni halijatoka kabisa. Juzi nililikuta chini ya meza, nikalichukua nikalowekea nguo. Tumekubaliana saa nne na nusu awe kitandani, na asubuhi kabla ya kupiga mswaki aandike mambo matatu ya jana bila kuangalia popote. Yasiyokuja anayaandika kwenye daftari dogo alilolipa jina la "Bado". Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ulijaa mpaka pembeni. Leo nimeufungua, ninaona mistari mingi imekatwa kwa kalamu, na pembeni ya osmosisi kachora kitunguu.

Hesabu bado zinanipa hofu, sitaficha. Aljebra alianguka nayo tangu kidato cha pili, na wiki sita haziwezi kuziba kila shimo. Tumechagua mada nne ambazo anaweza kuzishika, anafanya maswali mawili kila siku kwa kuhesabiwa muda, hata Jumapili baada ya kanisa. Baba yake anapiga simu kila jioni kuuliza anasoma saa ngapi kwa siku. Nimemwomba kaka abadilishe swali, amuulize leo amejua nini ambacho jana hakukijua. Ameahidi, ingawa jana kauliza yote mawili.

Umeme umerudi sasa hivi, friji imeanza kunguruma. Mtoto amelala tangu saa nne na robo. Kabla hajaingia chumbani alisimama hapa mezani, akaniuliza kama ile redio mbovu ya marehemu babu bado ipo stoo. Keshokutwa ni zamu ya Fizikia, mada ya umeme, na anataka betri mbili, waya na kile kibalbu kidogo. Nitaitafuta nikitoka kazini.