Siku moja ya muuza makoti Njombe, mwezi wa saba

Saa 11 alfajiri

Nguo za asubuhi nalala nazo ubavuni. Taiti, soksi na fulana ya mikono mirefu naziingiza chini ya blanketi usiku ili zipate joto la mwili, maana mzaliwa wa Pangani akivaa fulana iliyolala kwenye kiti, Njombe, mwezi wa saba, ataapa kwamba imelowa. Haijalowa, ni baridi tu. Nyumba zetu huku hazina chochote cha kuzipasha joto, kwa hiyo tofauti ya ndani na nje ni upepo.

Taiti inatangulia, soksi zinapanda juu yake ili kifundo kisibaki wazi. Fulana nachomekea. Juu yake sweta jembamba la sufu, halafu dera, halafu koti. Mzula, kofia yangu ya baridi, unakaa chini ya ushungi, wala hauonekani. Maji ya udhu natia ya birika, na nikishamaliza kuswali napaka mafuta ya mgando midomoni, visiginoni na nyuma ya viganja. Anayesubiri ngozi ipasuke ndipo apake, atakuwa anatibu jeraha.

Mama mwenye nyumba yuko uani tayari, kanga moja kiunoni, blanketi mabegani, miguuni kandambili bila soksi. "Kamwene," ananiambia. "Kamwene," naitikia. Yeye ni Mbena wa hapa hapa na simwigi kwenye kandambili.

Saa 12 na nusu

Dereva wa bodaboda wangu amevaa koti lake kinyumenyume, zipu mgongoni. Ukiona hivyo usimcheke. Upepo wa pikipiki hupenya kwenye meno ya zipu, kwa hiyo anaupa kifua upande usio na mlango. Ana boshori, ana glavu za ngozi, na magotini amejifunga vipande vya nailoni ndani ya suruali. Abiria akikaa nyuma yake anakingwa nusu, ila magoti na vidole vya miguu vinabaki vinalipa nauli yao.

Watu wa kwetu huniuliza kwa nini sehemu iliyo karibu na jua kuliko pwani iwe na baridi. Jibu ni kwamba mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kiasi cha nyuzi 6. Piga hesabu kutoka ufukweni Pangani mpaka hapa uone umepoteza nyuzi ngapi kabla hujahesabu upepo. Tena miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo kipupwe chetu kusini mwa ikweta. Ukihamia mwezi wa kumi na moja unaweza kujiona shujaa.

Saa 1 asubuhi

Leo linafunguliwa belo, yaani robota la mitumba, la makoti mchanganyiko na la masweta. Kila moja kilo 45. Muuza jumla anakata mikanda ya plastiki kwa kisu, ganda la nailoni linapasuka, na nguo zilizobanwa miezi kadhaa zinavimba na kumwagika zenyewe kabla mtu hajazigusa. Harufu yake wanaoijua wanaijua. Sisi wa kupointi, yaani wa kuchagua nguo moja moja, tumesimama duara, na kila mmoja anajifanya hana haraka.

Mimi natafuta sufu. Lebo mara nyingi imekatwa au imefutika, kwa hiyo nachomoa uzi mdogo kwenye pindo la ndani, nauwasha kwa kiberiti. Ukitoa harufu ya nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika kidoleni, hiyo ni sufu. Ukisinyaa, ukayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, hiyo ni poliesta. Poliesta sina ugomvi nayo, nitaeleza, ila siiuzi kwa jina la sufu. Sufu ina sifa mbili ambazo watu wa nyanda za juu wanazihitaji kuliko urembo: inatunza joto hata ikipata unyevu, na inachelewa kushika harufu. Wiki ikiwa na ukungu, sweta lililofuliwa linaweza kukaa kambani siku tatu likiwa bado zito. Nguo isiyodai kufuliwa kila siku ni mali.

Makoti yaliyojazwa nayafinyanga. Nalikunja bega kwenye ngumi, naachia, natazama. Likirudi kuvimba taratibu, bado lina hewa ndani yake. Likibaki limenyong'onyea, au ukikuta ujazo wote umeshukia kwenye pindo kama mchanga kwenye gunia, lilishafuliwa vibaya huko lilikotoka na sasa ni koti la jina. Kisha mikono: lastiki ya kifundo cha mkono ikiwa imelegea, joto lote linatokea hapo. Zipu naiangalia mwisho, kwa sababu fundi cherehani aliye jirani na kibanda changu anabadilisha zipu kabla chai haijapoa.

Napata makoti tisa ya kueleweka na rundo la masweta. Watu wa jumla hawapendi kiberiti changu. Wameshazoea.

Saa 3

Wateja wa mwanzo ni wenyeji, na wenyeji hawanunui makoti. Mzee mmoja, koti la suti la zamani juu ya sweta juu ya shati juu ya fulana, buti za mpira miguuni, ananunua soksi nne za mpira wa miguu, zile ndefu. Kijana wa kupasua mbao anataka sweta "lolote lisilo na vifungo" kwa sababu vifungo vinanasa. Mama wa viazi anachagua kofia ya mtoto inayofunika masikio. Mtoto mwenyewe yuko mgongoni, mashavu mekundu yaliyokauka na kupasuka kidogo, na namwongezea ushauri wa bure wa mafuta ya mgando.

Ukitaka kujua kuvaa huku, mtazame yule mzee. Hana nguo nzito hata moja.

Saa 5 na nusu

Jua limetoka, na jua la juu ni kali, linachoma pua na paji la uso huku kivulini bado unatetemeka. Koti nimelitundika, mzula uko mfukoni. Ndipo anapokuja kijana mwenye koti la ngozi nyeusi linalofika magotini, ameburuta begi toka stendi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, umetoka wapi na mzigo wote huo?"

"Masasi. Mimi mwalimu, nimepangiwa huku. Naomba koti zito kuliko yote uliyonayo, hili halifai."

"Ndani umevaa nini?"

Akafungua. Fulana moja ya pamba, mgongo wote umelowa jasho la kupanda mlima na begi.

Hapo ndipo baridi yake ilipo. Pamba inanyonya jasho na kulishikilia. Jua likizama, jasho hilo linapoa ngozini na kuendelea kumnyonya joto chini ya koti lolote atakalovaa. Nikamwambia koti lake halina kosa, linakata upepo vizuri, asilitupe. Nikampa fulana ya ndani ya poliesta inayobana mwili, ile ya wanamichezo, ambayo haishiki maji, na juu yake sweta la sufu la shingo ya V litakalokaa na shati na tai darasani. Kinachompasha mtu joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo na nguo, kwa hiyo nguo tatu nyepesi zinalishinda koti moja, na saa sita mchana unavua mbili bila kubaki uchi.

"Na miguu?" nikamuuliza. Viatu vyeusi vya ngozi, vimebana, na ndani kavaa soksi jozi mbili kwa kusikia ushauri wa ndani ya basi. Miguu inauma kwa baridi. Bila shaka itauma: kiatu kikibana, damu haipiti vizuri, na soksi zikibanwa hazina hewa tena. Avae jozi moja nzito, na mshahara ukitoka anunue kiatu kinachozidi saizi moja.

Alilipa pungufu ya alivyokuja tayari kulipa. Jirani yangu wa mikoba akanisonya kwa nini sikumuuzia koti. Mwalimu mmoja mwenye joto analeta walimu wenzake, nilimjibu, wewe uza mikoba.

Kabla hajaondoka akauliza kama ni kweli komoni, pombe ya kienyeji, inaondoa baridi, maana dereva wa bajaji kamwambia. Pombe huvuta damu kuja kwenye ngozi, ndiyo maana unahisi moto usoni, lakini damu ikija kwenye ngozi joto la ndani linatoka nalo. Anayekunywa ili alale nje ameshauriwa vibaya.

Saa 8

Ugali wa moto, maharage, parachichi. Tumbo tupu halina kuni za kuwasha. Nalalia benchi dakika kumi juani.

Saa 9 na nusu

Mama mmoja na mwanawe. Kijana kapata nafasi ya kusoma China, mji wa Harbin, na mama anataka amnunulie kila kitu hapa kwa sababu "Njombe ndiko kwenye baridi." Nilicheka, naye akacheka, lakini hesabu si ya kucheka: Harbin usiku wa Januari hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Barafu ya mto wao inabeba magari.

Wateja wangu waliosoma kule wamenifundisha jambo moja ambalo mtu wa nyumba zetu halifikirii. Kule ndani ya majengo mna mabomba ya joto. Unatoka kwenye baridi ya kugandisha mate, unaingia darasani kwenye joto kama la kwetu pwani, mara sita kwa siku. Kwa hiyo huyu anahitaji nguo za kuvua haraka zaidi ya mwalimu wangu. Sweta la zipu mbele, si la kuvaa kichwani. Niliwauzia sweta mbili za sufu, skafu, soksi za sufu, mzula wa kufunika masikio, na taiti za kiume za kuvaa chini ya suruali. Kijana aliona aibu kwa hizo za mwisho, akazificha chini ya mfuko.

Koti kubwa na buti nilikataa kumuuzia. Buti za theluji zinataka soli laini yenye meno, isiyogeuka jiwe kwenye baridi ile, na koti lao linashuka chini ya makalio, lina kofia na mfuniko juu ya zipu. Kule madukani yamejaa. Nililokuwa nalo mimi lilitengenezwa kwa ajili ya vuli ya mahali fulani Ulaya. Litamfaa mpaka mwezi wa kumi, kisha litamwaibisha mama yake.

Saa 11 jioni mpaka saa 1

Hii ndiyo saa ya pesa. Jua likianza kuegemea vilima, joto linaporomoka kama limesukumwa, na kila aliyekuwa akipita mchana na shati anaanza kutazama makoti kwa jicho jipya. Bei ya saa sita si bei ya saa kumi na mbili, na siombi radhi. Mteja anayeshusha bei huku meno yanagongana anajishusha mwenyewe.

Mimi nimesharudisha koti mwilini kabla ya kusikia baridi. Hilo nawaambia wote: vaa nguo ungali na joto lako. Koti halitengenezi joto, linatunza lililopo.

Saa 2 usiku

Mama mwenye nyumba ameota moto wa mkaa uani, na jiko linabaki huko huko. Wageni wengi wanaingiza jiko chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Mkaa ukiungua penye hewa finyu hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mtu hapati hata muda wa kukohoa. Kila kipupwe tunasikia misiba ya namna hiyo. Mimi nachemsha maji, najaza mpira wa maji ya moto, ule wa duka la dawa, nauviringisha kwenye kanga na kuutanguliza kitandani upande wa miguu. Nguo za mchana navua zote. Zina unyevu wa siku nzima hata kama hauonekani.

Simu inaita. Ni mama, Pangani. Jumamosi anakuja na mdogo wangu, mara ya kwanza kukanyaga huku, na tunapanga mavazi kwa vituo.

"Ruaha Mbuyuni bado utatoka jasho, usihangaike. Mkimaliza kupanda Kitonga, toa sweta. Iringa vaa soksi."

"Soksi na ndala?"

"Na raba, mama, nilizokutumia. Mafinga ufunge skafu, na kabla hamjafika Makambako uvae ile taiti."

Kimya.

"Suruali sivai."

"Si suruali. Inakaa chini ya dera, hakuna atakayeiona."

"Mungu ataiona."

Tumekubaliana soksi ndefu na shumizi nzito. Baada ya kukata simu nimemwandikia mdogo wangu aibebe taiti kwenye pochi yake, asimtajie wala asimbembeleze. Wakifika Makambako, mlango wa basi ukifunguliwa, ataiomba mwenyewe.