Siku kitenganishi kilipogeuka ukuta

Nilikodiwa kutafsiri. Kampuni iliyokuwa ikifanya tathmini ya mazingira kwa ajili ya upanuzi wa barabara ya Mtwapa hadi Kilifi, Pwani ya Kenya, kilomita 40.4, ilitaka mtu wa kugeuza Kiingereza cha mainjinia kiwe Kiswahili barazani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nikaona hiyo ni kazi ya mteremko.

Baraza lilikaa chini ya mwembe, upande wa Kikambala, Jumatano saa nne asubuhi. Saa hiyo akina mama wa viazi karai wako kwenye karai zao na vijana wa boda wako steji. Waliofika ni wazee, pamoja na wachache waliosikia kuna soda. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kabla hata ya dua. Baadaye niliikuta ndani ya ripoti, imepigwa picha vizuri, kuwa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa.

Injinia alikuwa kijana mpole. Akaonyesha ramani: njia mbili za kwenda, mbili za kurudi, na katikati yake, nikatafsiri, "kitenganishi". Watu wakaitikia kwa vichwa. Wakauliza habari za vibarua, kisha fidia.

Fidia ilikula saa nzima, na ilistahili. Huku Pwani mtu anaweza kumiliki nyumba asimiliki ardhi iliyoikalia. Humlipa mwenye shamba kodi miaka nenda miaka rudi. Sasa barabara ikipita, nani alipwe? Nikawasomea Kifungu cha 40(4) cha Katiba ya 2010, kinachoruhusu fidia hata kwa anayekalia ardhi kwa nia njema bila hati. Mzee mmoja akauliza, "Kinaruhusu au kinalazimisha, mwalimu?" Nikarudia kusoma. Kinaruhusu. Mzee akakaa chini bila neno.

Tulikuwa tunakaribia kufunga pale bibi mmoja, ambaye wote walimwita Hawe, yaani nyanya kwa Kimijikenda, aliponiinulia mkono.

"Mwanangu, hicho kitenganishi ndiyo mnyama gani?"

"Ni ukuta, Hawe. Unajengwa katikati ya barabara. Mtu havuki hapo."

Baraza likaamka. Shule iko ng'ambo! Maji tunachota ng'ambo! Makaburi ya wazee wetu je? Na mbuzi? Injinia akanigeukia kuuliza kumetokea nini, nami nikaona haya kumjibu. Asubuhi yote nilikuwa nimewaambia habari za ukuta kwa neno la kamusi, nao, kwa adabu zao, wakaniitikia.

Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinataka mikutano isiyopungua 3 na watakaoathirika, tena matangazo ya redio yatoke kwa lugha rasmi na za wenyeji. Hazisemi popote kwamba mkalimani aeleweke.

Muhtasari wa mkutano ulipotoka, kelele zote zile zilikuwa zimekuwa sentensi moja: "Jamii iliomba sehemu za kuvukia." Wapi? Ngapi? Za nani? Nikakasirika, nusu kwa kampuni na nusu kwa nafsi yangu. Nikawapa wanafunzi wangu wawili wa kidato cha pili daftari, wakakaa kando ya barabara asubuhi tatu mfululizo, kila anayevuka mstari mmoja, na mahali alipovukia. Kurasa zikajaa, ya mbele ya shule kuliko zote.

Mkutano uliofuata niliomba ufanywe saa kumi jioni, karibu na steji. Akina mama wakaja mikono ikinuka mafuta ya kukaangia. Kijana wa boda akachora barabara mchangani kwa kijiti, Hawe akimsahihisha: "Hapo sipo, sogeza. Mnazi uko hapa." Injinia akachuchumaa, suruali yake safi ikakokota vumbi, akaanza kuuliza maswali yake mwenyewe kwa Kiswahili cha kuokoteza. Sikuombwa kutafsiri.

Alipoondoka akaniomba daftari. Nikampa nakala. Lenyewe ninalo hapa nyumbani, na mwembe ule nao sasa umetiwa namba kwa rangi nyekundu.