Klabu ya kuchora ya Jumamosi: rangi za jikoni

Rangi ya binzari imekubali. Uji mwembamba wa unga wa muhogo ukishapoa, unatia binzari ya manjano, unakoroga mpaka madonge yaishe, na njano yake inashika kwenye boksi bila kuchuruzika. Nyekundu tunayo bure: udongo wa chini ya milima ya Uluguru, tunautwanga na kuuchekecha kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Nyeusi ni mkaa. Kijani ndiyo iliyotutoa jasho, maana majani ya mchicha yakisagwa yanapendeza yakiwa mabichi, yakikauka yanageuka kahawia.

Kwa wageni: hii ni klabu ya watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu hapa Morogoro mjini. Brashi zetu ni vijiti vya mpera vilivyotafunwa ncha kama mswaki.

Kijani tumeipata kwenye choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi. Tuliichemsha, tukaigawa kwenye vikombe. Cha kwanza kikakamuliwa ndimu, wekundu ukazidi kuwaka. Cha pili kikatiwa magadi kidogo, kikageuka kijani chenye ubuluu, na darasa zima likapiga kelele "uchawi!" Sikueleza kitu. Niliwaachia vikombe wachanganye wenyewe (magadi nayashika mimi, yasije yakaingia machoni). Binti mmoja wa darasa la pili akachovya kijiti kwenye maji ya magadi, akapitisha juu ya karatasi aliyokwisha kuipaka binzari. Mstari ukatoka mwekundu wa kahawia. Mpaka tunafunga, kila mtoto alikuwa anaandika jina lake kwa magadi, na mwenye ugunduzi analalamika, "Mwalimu, wote wananigezea!"

Kuhusu michoro yenyewe. Watoto wetu, ukiwaambia chora unachotaka, wanachora nyumba ileile: paa la pembetatu, madirisha mawili, mlingoti wa bendera, jua katikati ya milima miwili iliyochongoka. Mlima halisi uko dirishani, mkubwa, umejaa mawingu, na hakuna anayeutazama! Wamezoea kunakili ubaoni. Kwa hiyo ubao nimeufuta, sichori chochote mbele yao. Natoa swali: chora nyumbani kwenu usiku umeme umekatika. Chora foleni ya maji, wewe ndiye wa mwisho. Hapo pembetatu zinapotea zenyewe. Kwenye foleni ya maji mtoto mmoja amejichora mkono mkubwa kuliko kichwa, ndoo imening'inia. Mwalimu mwenzangu alitaka ausahihishe, nikamwomba auache, maana mkono ndio uliokuwa unauma. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria, aliyaeleza haya zamani: mtoto wa miaka 7 hadi 9 hukuza kile anachokihisi, huweka ardhi kama mstari chini na mbingu kama utepe juu, na huchora vilivyo ndani ya nyumba kana kwamba ukuta ni kioo. Hayo si makosa ya kupigiwa mstari mwekundu.

Wazazi wawili watatu wameuliza mbona hatuwafundishi mtindo wa Tingatinga, zile picha za wanyama za rangi kali, angalau watoto waje wauze. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza Dar es Salaam mwaka 1968 na vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, vitu vilivyokuwa karibu naye, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha mtindo unaoishi hadi leo. Nitawaonyesha picha zake, lakini baadaye. Nikizileta sasa, nyumba ya pembetatu itageuka twiga wa madoadoa, na tutakuwa tumehama kunakili kimoja kwenda kingine. Halafu rangi zile za mafuta huchanganywa kwa tina, ambayo harufu yake siitaki kwenye chumba cha watoto.

Mambo madogo: uji wa muhogo unachacha haraka, pika wa siku hiyohiyo. Picha za binzari usizibandike penye jua, njano inapauka.

Muuza majokofu wa mtaani ameahidi maboksi makubwa. Tutayatandaza sakafuni, tuchore barabara ya kutoka shuleni hadi sokoni, kila mtoto achukue kipande anachopita yeye. Wameshaanza kugombania kona ya muuza ubuyu.