Pampu 12, moduli moja

Nilikabidhiwa programu ya kuendesha pampu 12 za kujaza tangi la maji. Aliyeiandika alimaliza pampu ya kwanza, akainakili mara 11, kisha akabadilisha namba mahali baada ya mahali. Mahali pamoja palimponyoka: pampu ya 7 ilisoma kipima muda cha pampu ya 4. Ya 4 ikipata hitilafu, ya 7 nayo inazimika ilhali ni nzima. Siku mbili nilikagua waya na kontakta (swichi za umeme zinazowasha pampu) zisizo na kosa lolote.

Nikaamua kuiandika upya kwa moduli, yaani vipande vya programu vinavyojitegemea. Kiwango cha IEC 61131-3, cha kimataifa cha lugha za kuandikia programu za kuendesha mitambo, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1993, kinakuwezesha kuandika bloku, yaani moduli ya aina hiyo, mara moja tu, kisha kila pampu ikapewa nakala yenye kumbukumbu yake, isiyoingiliana na ya jirani.

Bloku ya kwanza niliijaza mno: kuwasha, kupima kina cha tangi, hata kupangia pampu zamu. Kila nilipogusa zamu, uwashaji ukaharibika. Nikaibomoa. Safari hii pampu ikabaki na yanayoihusu: inapokea amri, inasubiri kontakta irudishe ishara kwamba imeshika, na sekunde 3 zikipita kimya inaondoa amri na kupiga kengele. Ipi iwake na lini, hilo ni la moduli iliyo juu yake.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni modeli. Niliandika pampu ya kuigiza, inayorudisha ishara nusu sekunde baada ya amri, na tangi la kuigiza: kila mzunguko wa programu, maji yaliyoingia hutolewa yaliyotoka, tofauti ikagawanywa kwa eneo la tangi, na kina kikapanda au kushuka. Halafu nikaanza kuvuruga makusudi. Sensa ya kina ilituma ishara ya umeme ya miliampia 4 (tangi tupu) hadi 20 (tangi limejaa). Nikaishusha hadi 0, kama waya uliokatika. Programu ikaona tangi tupu, pampu zikawaka moja baada ya nyingine kulijaza tangi lililokwisha kujaa! Nilishukuru kuyaona hayo mezani. Nikaongeza sharti: ishara ikishuka chini ya miliampia 3.6, hiyo ni hitilafu ya sensa, pampu zisimame.

Siku ya kuwasha mtambo wenyewe, pampu ya 9 ilipiga kengele peke yake, nyingine zikaendelea kusukuma. Fundi umeme alifungua kabati akakuta waya wa ishara umelegea kwenye skrubu. Akaukaza.